Niliitikia Msaragambo kwa Jina la Neema

Jumatano, Same. Upepo tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka ndani ya kabati la vyombo. Umeme hakuna.

Katika nchi hii kuna watu watatu, tuseme wanne, wanaoielewa kompyuta mpaka utumbo wake, na mmoja wao anakaa hapa Same, nyuma ya soko, nyumba yenye geti la bluu. Sijisifu, nasema ilivyo. Wakati wengine wanadhani intaneti ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, mimi nilikuwa nimeshaiona kwa macho kule Arusha, kwa tajiri mmoja aliyekuwa haanzi siku bila ushauri wangu. Mpaka leo maofisa wakija wilayani na mashine zao zikagoma, wananiulizia mimi. Naweka kiganja juu ya mashine, nasikiliza, nawaambia zimeni, muwashe tena. Inapona.

Pamoja na yote hayo, leo naogopa.

Naogopa hasa. Chai ya asubuhi imepoa mbele yangu mpaka imeota ngozi. Geti likilia kidogo tu, nafunika karatasi. Kalamu inateleza kwa jasho, na hii ni Agosti, wenzangu mtaani wamevaa makoti.

Mimi niliyesimama uso kwa uso na tembo wa Mkomazi, karibu na Kihurio, nikamkemea kwa Kipare mpaka akaona aibu akageuza, leo namwogopa binti mwembamba mwenye miwani.

Binti mwenyewe ni Neema, mtoto wa dada yangu. Anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu, Dar es Salaam, na likizo hii ndefu yuko kwangu kwa sababu mama yake anafanya kazi Tanga na amepanga chumba kimoja. Mtaani wanaona anashinda na karatasi na kompyuta, wanadhani anacheza. Hachezi. Ngoja nieleze, maana bila hili hamtaelewa kwa nini sijala tangu jana.

Kuna watu, wametawanyika dunia nzima, wanatengeneza programu ya ramani za maji. Mito, mifereji, mabomba, mvua imenyesha wapi na kiasi gani. Programu hiyo haina mwenyewe. Ni programu huria, yeyote anaichukua bure, anaifungua ndani aone ilivyosukwa, akiona imelegea anakaza, kisha anairudisha kwa wenzake wote waitumie. Kila mwaka, wakati huu ambao wao wanauita majira ya joto na sisi tunatafuta masweta, wanachagua wanafunzi wachache. Kila mwanafunzi anapewa kipande chake cha kazi na msimamizi wa kumwongoza kwa barua pepe. Neema walimchagua. Kipande chake ni kile kinachosoma vipimo vya mvua na kuvipanga kwenye ramani, maana kile cha zamani kinakwenda kama kobe na mara nyingine kinadanganya. Msimamizi wake anaitwa Henrik. Neema anasema kwao mwezi wa sita jua halizami. Nikamwambia najua, nimewahi kupita.

Siku aliponieleza haya nilicheka nikapiga paja.

"Neema, huo si msaragambo?"

Kwa wasio Wapare: msaragambo ndio kazi yetu ya wote. Baragumu linapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mfereji unasafishwa, barabara inachongwa, na ndiva, lile bwawa letu la kukinga maji ya mfereji usiku ili yagawiwe asubuhi, linazolewa matope. Hakuna anayekuuliza una cheti gani. Wanaangalia mkono. Na nyumba isiyotoa mtu inajulikana. Wanakuja kuchukua jembe lako, au jogoo, na jina la nyumba linatajwa mbele za watu mpaka mke wako anaona haya kwenda kisimani.

Neema alifurahi. "Mjomba, ni hivyo hivyo! Ila kule baragumu ni barua pepe." Akamwandikia Henrik juu ya msaragambo, na Henrik akalipenda neno lile akawafundisha wenzake. Kwa hiyo leo hii kuna Wazungu na Wahindi wanasema msaragambo kwa sababu yangu. Hilo nalo ni la kweli, muulizeni Neema.

Kuna kitu kingine alichosema, akiwa anaosha vyombo, nami sikukipa uzito. Alisema, "Unajua ninachokipenda kule, Mjomba? Hakuna anayejua sura yangu. Hawajui natoka wapi wala baba yangu nani. Wananijua kwa kazi yangu na jina langu, basi."

Jina lake.

Wiki iliyopita ilikuja taarifa kutoka Vudee, kijijini kwetu mlimani, kwamba kuna msaragambo wa ndiva. Matope yamejaa, kila nyumba itoe mtu. Nyumba yetu ya kule, kwa mama yangu, bado inahesabiwa kwa jina langu. Na mgongo wangu mnaujua. Tangu nilivyonyanyua peke yangu injini ya korona, ile mashine ya kukwangulia mkonge kule shamba la mkonge nilikofanya kazi, wakati kikosi kizima kimeshindwa, mgongo huu hauinami kwa jembe. Neema akasema, "Pumzika, Mjomba, nitakwenda mimi." Kweli alikuwa na furaha kwenda kumwona bibi yake.

Lakini alikuwa na wasiwasi pia. Mgao wa umeme ulikuwa umemrudisha nyuma. Siku mbili upo, siku tatu haupo, na ukija unakuja kama mgeni asiyevua viatu. Kazi yake ilikuwa imebaki kama robo. Jumanne ile jioni alikaa kwenye kibanda cha intaneti anachokisimamia Zuhura, pale karibu na stendi, akaanza kumwandikia Henrik kumwomba wiki moja zaidi. Hajamaliza sentensi ya pili, umeme ukakatika, giza. Kesho yake gari la Vudee linaondoka mapema. Akaniambia, "Nikirudi nitamwandikia. Henrik ni mwelewa."

Hayo aliniambia mimi. Kwa masikio yangu haya.

Alhamisi umeme ukarudi. Nikaenda kwa Zuhura, mnajua ninavyopenda kufuatilia mambo ya dunia. Nikakaa mashine ya pembeni. Ilipowaka, nikaona barua za Neema zimefunguka zenyewe mbele yangu. Ile Jumanne mashine ilizimika ghafla kabla hajazifunga, na mashine ikawa bado inamkumbuka. Sikuvunja mlango. Mlango ulikuwa wazi.

Juu kabisa palikuwa na barua mpya ya Henrik, ile ya kundi zima, wote wanaiona. Kiingereza changu ni cha darasa la sita pamoja na cha mabwana wa Kigiriki wa shamba la mkonge, kwa hiyo kilinitosha. Alikuwa anauliza: Neema, upo? Hatujakusikia. Kipande chako kimefika wapi?

Nikasikia baragumu. Nawaambia kweli, pale kwenye kiti nilisikia baragumu. Jina la nyumba yetu limetajwa mbele za watu wa dunia nzima na hakuna anayeitika.

Nikajiambia, yeye yuko kule juu anaitika kwa niaba yangu, matope mpaka magotini. Mimi nikiitika hapa kwa niaba yake kuna ubaya gani? Kwetu huo si udanganyifu. Baba akiumwa anakwenda mtoto, mtoto akisafiri anakwenda shangazi, na nyumba inahesabiwa imefika. Kule Vudee hakuna aliyeuliza mbona limeitwa jina la mjomba akasimama mpwa. Walimpa nafasi kwenye mstari wakaendelea kuzoa.

Kama ningeandika "nipo" nikaishia hapo, pengine leo ningekuwa nakunywa chai yangu.

Lakini mimi na neno dogo hatujawahi kukaa chumba kimoja. Nikaandika kwamba nipo, na kazi imekwisha. Imekwisha yote. Inafanya kazi vizuri sana, kuliko ile ya zamani mara nyingi, na asiwe na wasiwasi hata kidogo. Nikabonyeza.

Nilitoka pale kifua mbele. Zuhura nikamnunulia soda.

Sasa sikilizeni nilichokifanya. Kwenye msaragambo, ukiwaambia watu mfereji mpya umekamilika, wanabomoa wa zamani. Hawasubiri. Na huko ndivyo ilivyokuwa. Henrik alifurahi akawatangazia wote. Mmoja wao, yuko Brazili, akang'oa kile kipande cha zamani ili cha Neema kiingie mahali pake. Wengine wakachukua ile programu ya majaribio wakaifungua, na ramani zao za mvua zote zikawa tupu. Hakuna tone. Wakaanza kuuliza, Neema, kipande kiko wapi? Wakauliza tena. Yeye muda huo anapitisha ndoo za matope mkono kwa mkono, kwa ajili yangu.

Jumamosi alishuka kutoka mlimani. Pindo la gauni limekauka kwa udongo mwekundu, ana ndizi za bibi yake mfukoni, anaimba. Nilimwitikia wimbo. Nilikuwa bado najiona nimefanya la maana, nasubiri tu wasaa mzuri wa kumpa habari njema.

Jumatatu tukaenda wote kwa Zuhura. Nilitaka niwepo akizipokea pongezi.

Neema alisoma. Akasoma tena, akasogea karibu na kioo kama mtu anayetafuta sindano. Shingo yake ilibadilika rangi. Hapo ndipo baridi iliponiingia, ikaanzia kwenye vidole vya miguu.

"Zuhura," akasema, "nani alikaa mashine hii wakati sipo?"

"Watu wengi, dada. Mwalimu alikaa, wale vijana wa mpira, na..." Zuhura akanitazama. Akatazama chini. "Wengi."

"Mtu ameandika barua kwa jina langu."

"Hapa kwangu? Haiwezekani."

"Hii hapa. Alhamisi asubuhi. Njoo usome."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nauliza ulikuwa unalinda nini?"

"Nalinda mlango na soketi! Hizo barua zako ulizifunga? Mimi niwe mlinzi wa barua za watu, Neema?"

Kijana mmoja kwenye mashine ya pili alikuwa amenyoosha shingo anasoma. Akaangua kicheko. "Lakini huyu mwizi jamani! Kiingereza chake kimevaa kandambili!"

Kibanda kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kuwashinda wote, mpaka nikakohoa. Halafu, sijui shetani gani aliushika ulimi wangu, nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Vijana wa siku hizi hawana adabu kabisa. Mngenipa mimi wilaya hii mwezi mmoja tu!"

Zuhura akanitazama tena. Safari hii hakutazama chini.

Anajua. Aliniona nimekaa pale, aliona kidole changu, soda ya Alhamisi aliinywa. Lakini yule ni mtoto aliyelelewa. Baba yake na babu yake wana duka hapa barabarani tangu zamani, nimekunywa kahawa kibarazani kwao nikiwa kijana, na kila akiniona ananipa shikamoo kabla sijafika. Hawezi kuniumbua mbele ya mpwa wangu. Alilimeza neno lile, nikaona kabisa linavyoshuka kooni. Akabaki anafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Tulipotoka Zuhura alinikimbilia, Neema ameshatangulia.

"Baba," akasema taratibu, "mwenye kibanda anakuja Ijumaa kutoka Mwanga. Ameshasikia kuna barua ya mteja imechezewa. Nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mgao wa umeme."

"Mgao ndio ulioandika barua, Baba?"

Nikajifanya nimeitwa upande wa pili wa barabara. Nikavuka. Upande wa pili hapakuwa na mtu.

Jana Henrik ameandika tena. Neema aliinakili kwenye karatasi, akanisomea mezani kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno, kama daktari anavyosoma majibu. Hakufoka yule mtu, na hilo ndilo linalonitisha, mtu anayefoka najua namna ya kumweza. Ameandika kwamba anapenda kumwamini Neema. Lakini sheria ya mpango wao ni moja: mwanafunzi anajisemea mwenyewe na kufanya kazi yake mwenyewe, na akigundulika amemweka mtu mwingine mahali pake anaondolewa. Wenzake kwenye kundi wameuliza, ni haki yao, wamepoteza siku kuirudisha ile ramani. Ijumaa ndiyo anaandika maoni yake ya mwisho. Kabla ya hapo anataka kujua ni nani aliyeandika na kwa nini.

Neema alishamjibu kwamba hajui. Henrik akarudisha mstari mmoja: kama hujui, sina cha kuwaambia wenzangu.

Neema akavua miwani akaiweka mezani. Bila miwani anafanana na dada yangu akiwa mdogo, siku ile ng'ombe wetu alipoanguka korongoni.

"Wataniweka na waongo, Mjomba," akasema. "Hata wakiniacha nimalize, kila nitakachoandika watakikagua mara mbili. Jina lile nilikuwa nalo moja tu."

Nilitaka kusema pale pale. Naapa nilitaka. Makande yalikuwa mezani, mvuke unapanda, nikaweka kijiko chini.

"Neema, kuna jambo."

"Ndiyo, Mjomba."

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni ile hadithi ya sabuni. Miaka ile ya shida, madukani hakuna kitu, tunaoga kwa majani ya mpapai, mimi nikavuka kutoka Taveta na boksi zima la sabuni tumboni, nimevaa kanga na ushungi kama mama mjamzito, na askari wa mpakani akanipa kiti nipumzike, akanitakia nijifungue salama. Siku zote hadithi ile inamwangusha Neema kwa kicheko. Jana alitabasamu. Tabasamu la kumpa mzee asivunjike moyo. Akaniongezea makande.

Leo asubuhi nikajaribu tena akiwa anafunga kamba za viatu. Ikatoka habari ya mamba wa Ziwa Jipe aliyenirudishia ndala.

Hivyo ndivyo nilivyo. Neno la kweli likifika mlangoni linakuta hadithi zimekaa kwenye viti vyote.

Nimekaa hapa peke yangu nikajiuliza ilianza lini. Nadhani naijua siku. Lile shamba la mkonge lilipouzwa kwa mtu binafsi, walitukusanya uwanjani asubuhi, wote, Wapare, Wasambaa, Waha, watu wa kila kona waliokuja kwa ajili ya mkonge, na karani akasoma majina ya wanaobaki kazini. Kila anayeitwa anasema "nipo" na kuvuka upande wa kivuli. Nilisubiri. Nilikuwa nimeshalishika lile neno mdomoni, tayari. Karani akakunja karatasi. Nikabaki nimesimama na begi langu mpaka uwanja ukawa hauna mtu, na lile "nipo" bado liko mdomoni.

Nyumbani sikusema nimepunguzwa. Nilisema nimewakataa.

Watu waliamini, au walijifanya. Halafu biashara zikafunguliwa, kila mtu akawa mfanyabiashara, nikauza mitumba, nikauza redio, nikauza tochi za Kichina zinazokufa siku ya tatu, na kila kilichoanguka nilikipa hadithi ya kukisimamisha. Sikuwahi kuona kuna aliyeumia. Hadithi zangu zilikuwa zinanihusu mimi na tembo. Hii ya Alhamisi ndiyo ya kwanza kuisimulia kwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo ndiye anayelipa.

Sasa hivi Neema yuko shule ya sekondari. Wana jenereta, mwalimu mmoja amemruhusu kutumia kompyuta ya ofisini hadi saa kumi. Amekwenda kumalizia kipande chake. Sikilizeni, anamalizia kazi ambayo keshokutwa pengine hawataipokea. Nilimwuliza kwa nini anajichosha. Akasema, "Ramani zao bado zina shida ile ile ya zamani, Mjomba. Mvua haijui kama mimi nimefukuzwa."

Saa kumi atarudi. Nasikiliza geti.

Naogopa macho yake atakapojua. Naogopa kwamba hatafoka, ataniita Mjomba kwa heshima ile ile na ataanza kufunga sanduku lake. Naogopa dada yangu Tanga. Naogopa Ijumaa, mwenye kibanda amesimama mbele ya Zuhura na mtoto wa watu amenyamaza kwa ajili yangu mpaka anafukuzwa kazi. Na Henrik naye namwogopa, mtu ambaye sijawahi kumwona wala hajawahi kunidhuru, kwa sababu ameuliza swali dogo na mimi nina jibu lake.

Basi nimeliandika. Limenichukua asubuhi yote, karatasi nne nimechana. Lisomeke hivi:

Bwana Henrik. Aliyeandika ile barua ya Alhamisi ni mimi, mjomba wa Neema. Hakunituma na hakujua. Siku hiyo alikuwa Vudee kwenye msaragambo, akizoa matope ya ndiva badala yangu. Kazi yake ilikuwa haijaisha, na alitaka kukuomba wiki moja kwa sababu ya umeme. Hilo nilikuwa nalijua. Kwetu mtu huitika kwa niaba ya mwenzake, lakini hata kwetu haruhusiwi kusema mfereji umekamilika wakati haujakamilika. Waambie wenzako wa ramani kwamba nimekosa mimi. Zuhura wa kibanda naye hana kosa, alikuwa analinda mlango na soketi. Neema ni mkweli.

Hapo chini nilikuwa nimeongeza vyeo vyangu. Nimevikata. Nimeacha jina tu, na kwamba nakaa Same.

Henrik haelewi Kiswahili, itabidi mtu amtafsirie, na mtu huyo ni mmoja tu. Zuhura nitakwenda kwake mwenyewe leo jioni, kwa miguu yangu, nimkute kibandani, nimwambie mbele ya wale vijana waliocheka. Hilo nalo linanitetemesha, lakini angalau pale najua nitasimama wapi.

Limebaki jambo moja, dogo kabisa, na sijui kwa nini hili ndilo linanichoma uso kuliko mengine yote.

Sijui kuchapa.

Ninyi mnaoniachia maoni mkisema Mjomba unatuma kila wiki, Mjomba una vidole vya karani, sijui. Barua ile ya mistari miwili ilinimalizia karibu saa nzima, kwa kidole kimoja, natafuta kila herufi kama mbuzi aliyepotea. Blogu hii, tangu siku ya kwanza ya likizo, mimi naandika kwa kalamu kwenye karatasi za mistari, na anayechapa ni Neema. Yeye ndiye anayeninyooshea sentensi na kuziweka nukta. Tembo, mamba, sabuni, vyote vimepita mikononi mwake, na hajawahi kukifuta hata kimoja.

Karatasi hizi nazilaza mezani kwake sasa, ishirini sijui thelathini, sijazihesabu, kabla hadithi nyingine haijanijia. Wewe unayesoma hapa, basi, hukuwa wa kwanza. Yeye amepita kila mstari kabla yako, pamoja na huu, na vidole vyake havikusimama.